Mbili ni Punguza

Watu wengi huziona mbio za marathoni kutoka ubavuni. Wanasimama nyuma ya uzio, mtu anapita fyu, wanapiga makofi, wanarudi kwenye soda zao. Mimi nimeziona kinyumenyume. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya pikapu, mgongo nimeuegemeza kwenye ubao wa saa, uso nimewaelekezea wakimbiaji, nikiwatazama wanavyoteseka. Ukitaka kumjua binadamu, mtazame usoni pumzi zikiwa zimemwishia na safari bado. Wengine hulia. Wengine hutukana, na kwa kuwa niliye mbele ya macho yao ni mimi, matusi yote huyapokea mimi. Huyarudisha pia, maana mdomo wangu haujawahi kujua likizo.

Dereva wa pikapu hiyo alikuwa mume wangu. Siku nyingine zote yeye huendesha gari la mitungi ya gesi, na mimi ni mwalimu wa michezo shuleni. Malipo yetu ya siku ya marathoni yalikuwa fulana, kofia na sifa. Fulana ilikuwa kubwa kwangu na ndogo kwake, na kila mwaka tulibadilishana tukicheka.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Ubao wa saa hufungwa nyuma ya kichwa cha gari, unaziba kioo cha nyuma chote, na ubavuni huwekwa mabango ya mdhamini. Dereva haoni kitu nyuma yake isipokuwa vipande kwenye vioo vya pembeni. Kumpigia kelele ni kujichosha bure, kwa sababu juu ya paa kuna spika inayoimba mwanzo hadi mwisho. Redio ya mkononi ni moja, ya kuongea na kituo cha mratibu, nayo hukaa kwangu. Ndiyo maana tangu mwaka wa kwanza tulikubaliana lugha ya mkono. Napenyeza mkono pembeni mwa ubao, nagonga bati la paa. Moja ni ongeza. Mbili ni punguza. Nyingi mfululizo ni simama. Kimya ni hivyo hivyo, usiguse kitu. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kukosa maneno manne tu kama hayo!

Mume wangu alikuwa akijigamba nayo mbele za watu. “Wapangeni wanawake kumi, nifumbeni macho, wagonge bati mmoja mmoja. Wa kwangu nitamtoa. Mkono wa mke wangu naujua hata nikiwa usingizini.” Nilijifanya nimechoka kusikia maneno hayo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nayapenda.

Sasa kuna Kimondo. Kimondo ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina hilo alipewa na mume wangu siku alipomwona kwa mara ya kwanza akishuka barabara ya mtaani kwetu na kiti cha mbio, kile chembamba cha magurudumu matatu ambacho mtu hukaa amekunja magoti, kichwa chini, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Miguu ilimgomea akiwa mtoto, baada ya homa, na mikono ikaamua kufanya kazi ya viungo vyote. Mume wangu ndiye fundi wake. Ndiye anayemkazia magurudumu, na ndiye aliyemfinyangia glovu ngumu za kusukumia, akiilainisha plastiki kwenye maji ya moto na kuibana kwenye vidole vyake mpaka igande kwa umbo la ngumi zake. Alibabuka vidole mara ngapi, mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Asubuhi za mazoezi alimfuata na gari la gesi, taa zimewashwa, ili wenye haraka zao wasimpitie. Wasiotujua walidhani hao wawili ndio ndugu, na mimi ndiye niliyeolewa kwao.

“Shemeji, atakayekuoa ajipange,” mume wangu alizoea kumtania. “Kofi lako moja tu, tunazika.”

“Mbona wewe umeoa mdomo na bado unapumua?” Kimondo humjibu, na mimi hujifanya sikusikia.

Kwenye marathoni ya jiji letu, wakimbiaji wa miguu, wale nyota wanaoletwa kwa ndege, walikuwa na gari la saa tangu zamani. Wanaume wa viti walipewa pikipiki ya kuwatangulia. Wanawake wa viti walipewa makofi. Kimondo aliwasumbua waandaaji mwaka nenda mwaka rudi: na sisi tunataka saa mbele yetu, tuone tunakimbizana na nini. Mwaka huo akaja mratibu mpya, mama mmoja mpole mwenye masikio, akakubali. Akamuuliza Kimondo angependa nani wawe kwenye gari lake.

“Dada na shemeji,” Kimondo akasema. “Nikifia barabarani, angalau nife nikiwa nyumbani.”

Tulicheka sote, na mratibu akaagiza chai.

Kwenye kikao hicho hicho ndipo Kimondo alipouleta Mteremko wa Tangi. Barabara ile inaanzia kwenye tangi kubwa la maji la jiji, inashuka moja kwa moja bila huruma, na chini kabisa inapinda kushoto. Mkimbiaji wa miguu akifika pale anajizuia ili magoti yasimuumize. Gari la saa linashuka naye taratibu, hakuna neno. Kiti ni habari nyingine.

“Sisi hatushuki, mama,” Kimondo alimweleza mratibu. “Sisi tunaanguka tukiwa tumekaa. Breki ni moja, iko gurudumu la mbele, na lami ikilowa hiyo breki ni ya kujifariji tu. Gari lisiwe mbele yangu pale. Chonde.”

Fundi wa saa naye akatoa la kwake. Ubao wa mwaka huo ulikuwa mpana na mrefu kuliko wa zamani, kwa sababu mdhamini alitaka jina lake lisomeke mpaka kwenye ghorofa. Gari lisizidi mwendo wa arobaini, akasema, la sivyo upepo utauchukua. Mume wangu akauliza viti vinashuka kwa mwendo gani.

“Sitini,” Kimondo akajibu. “Nikiwa na njaa, sabini.”

Hatukupuuzwa, hilo lazima niliseme. Mratibu aliinuka hadi kwenye ramani ukutani na kuweka kidole. Kabla tu ya tangi kuna njia ya kulia, kando ya kituo cha mafuta. Pikapu ingeingia pale na kuviachia viti barabara, na pikipiki ambayo ingekuwa inasubiri kituoni ndiyo ingevitangulia kushuka. Sisi tungezunguka na kuvikuta chini, kwenye tambarare. Msimamizi wa njia angesimama pale asubuhi yote kuhakikisha hakuna anayeiziba. Ulikuwa mpango mzuri. Mpaka leo nikiuwaza sioni mahali ulipokosewa.

Siku yenyewe iliamka na manyunyu. Nilimkuta mama jikoni, yeye huishi nasi, ameipakata mikono ya Kimondo anaipaka mafuta kidole kimoja kimoja kabla ya kuingia kwenye glovu. Hakuwa anasema kitu. Mama yangu ni mtu wa maneno, huu mdomo sikuuokota njiani, kwa hiyo kimya chake kilinitia baridi.

“Mama, huji kutuangalia?”

“Nitakaa hapa.”

“Kwenye televisheni basi.”

“Nimesema nitakaa hapa.” Akafunga kopo la mafuta. Kisha akanitazama mimi, wala si Kimondo. “Wewe ndiye mkubwa. Miguu ya huyu ni hii mikono. Unatoka naye mzima, unirudishie mzima. Na mikono yake.”

“Jamani mama! Naenda kukaa nyuma ya gari, siendi vitani.”

Akalirudisha kopo rafuni. Kimondo akanikonyeza, akiashiria nimwachie mama mambo yake. Lakini alipomaliza kuvaa glovu niliona mkate wake uko palepale kwenye sahani, haukuguswa, na chai imeota utando.

Mahali pa kuanzia palikuwa pamejaa miamvuli. Mume wangu alikuwa juu ya pikapu anakagua ubao. Ulishikwa na boliti mbili chini na mikanda miwili juu. Akautikisa, ukalia kwi. Akakaza mkanda, akautikisa tena, ukalia kwi kidogo zaidi.

“Huu ubao una maneno,” akasema.

“Usizidi arobaini, hautasema kitu,” fundi wa saa akamjibu, akateremka kwenda kwenye gari la wakimbiaji wa miguu, ambalo mwaka huo lilipewa dereva mwingine.

Bastola ikalia. Viti vya wanaume vilitoka kwanza na pikipiki yao, kisha vya wanawake nyuma yetu. Sauti ya viti huwezi kuifananisha na ya wakimbiaji. Wakimbiaji hukanyaga. Viti huvuma, na juu ya mvumo ule unasikia glovu zikipiga pete za magurudumu, pa, pa, pa, bila kukoma. Kabla ya katikati ya mbio Kimondo alikuwa mbele. Nyuma yake alibaki binti mmoja wa kofia ya njano, amemganda mgongoni akijikinga upepo, na wengine wakawa nukta za mbali.

“Saa inasomeka, dada!” Kimondo alinipigia kelele akiinua uso uliolowa.

“Sukuma, acha umbea!” nikamjibu.

Alicheka. Nilimwona mdogo wangu ana furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, na mimi pia nilifurahi, nikajiona mjinga kwa ile baridi ya asubuhi.

Kuna jambo moja nililiona njiani, nikalidharau. Tulipopita kwenye tuta, ubao uliruka ukagonga bati la paa, ngo. Mara moja. Gari likaongeza mwendo. Nilielewa papo hapo kilichotokea, nikacheka peke yangu huko nyuma, nikapenyeza mkono nikagonga mbili, na gari likapunguza. Nikajisemea kwamba jioni nitamtania: wewe unayejua mkono wa mkeo, leo umetii tuta. Nililiweka akiba kama kichekesho cha mezani.

Tulipoanza kukaribia tangi niliongea na kituo kwenye redio, nikauliza kama njia ya kulia iko wazi. Iko wazi, mratibu akasema. Manyunyu yakawa mvua ya kweli. Kimondo akaongeza kasi kwenye kile kimlima kifupi cha mwisho, akijua mbele yake kuna mteremko wa kupumzisha mikono. Kichwa kilikuwa chini. Binti wa kofia ya njano akaanza kuachwa.

“Gari la saa,” redio ikalia ghafla. Sauti ya mratibu haikuwa ile ile. “Gari la saa, msiingie kulia. Narudia, msiingie kulia. Kuna mzee kaanguka kituo cha mafuta, ambulansi imesimama njiani. Simameni juu.”

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kusimama juu haikuwezekana, Kimondo alikuwa amebakiza urefu wa chumba kutufikia na lami inang'aa kwa maji. Niligeuza shingo, nikaona kwa ubavu wa ubao ambulansi imekaa kwa upana wa njia, milango wazi, watu wameinama, na msimamizi wa njia anapunga mikono miwili. Pikipiki yetu ilikuwa imekwama nyuma ya ambulansi. Mzee wa watu hakuchagua pa kuangukia. Mume wangu naye aliyaona hayo kwa kioo cha mbele, na alifanya alichoweza kufanya: alinyoosha usukani, akaushika mteremko.

Nilipenyeza mkono nikagonga mara moja. Ongeza. Akaongeza. Nikagonga tena moja, na gari likashuka kwa nguvu, mabango yakaanza kupiga kelele ubavuni. Nilijua tumeshapita arobaini, naye alijua. Mtu ana shemeji yake nyuma, atajali ubao wa nani? Kimondo alikuwa amejikunja, kidevu karibu kigusane na magoti, mikono ameiondoa kwenye pete. Hakuwa anasukuma tena. Kiti kilikuwa kinakwenda chenyewe. Nafasi kati yetu ilipungua, ikapungua, halafu ikasimama. Kasi yetu na yake zikawa sawa. Nikasema kwa sauti, nakumbuka, nikasema tumepona.

Hapo mkanda mmoja wa juu ukakatika.

Niliusikia mgongoni. Ubao ulivutwa na upepo ukaniinamia, kisha ukarudi kwa kishindo, ukapiga paa. Ngo, ngo. Mara mbili, na nafasi kati ya pigo na pigo ilikuwa ile ile ninayoiacha mimi.

Gari likapunguza.

Mkono wangu ulikuwa juu ya paja. Niliuona pale, nikauona mwekundu, kwa sababu taa za breki zilikuwa zimewaka na lami yote nyuma yetu imegeuka nyekundu. Niliuinua nigonge moja, moja tu, ongeza. Ukabaki hewani. Ubao ulikuwa unagonga tena mbili zake, na yangu ikiingia katikati zingekuwa tatu, nne, tano. Nyingi mfululizo ni simama. Mume wangu angesimama katikati ya mteremko kwa utii wote wa miaka yetu.

Kwa hiyo sikugonga. Niligeuka, nikaukumbatia ubao kwa mikono miwili na kifua ili unyamaze. Mzito ule, umelowa, unanivuta kama mtu mlevi anayekataa kutolewa kwenye sherehe. Ulinyamaza kidogo. Nilipiga yowe nikimwita Kimondo kwa jina lake la kweli analoitwa na mama, lakini spika juu ya kichwa changu ilikuwa inaimba. Kisha upepo ukanipokonya ule ubao, ukapiga tena paa. Ngo, ngo. Na taa zikawaka tena.

Nilipogeuza kichwa, Kimondo alikuwa amezama. Ndivyo kiti kilivyo. Mkimbiaji wa miguu akilikaribia gari bado unakiona kichwa chake kwenye kioo. Kiti ni kifupi, kikikaribia kinaingia chini ya mlango wa nyuma wa pikapu na kinatoweka. Mume wangu hakuwa na chochote cha kuona kwenye vioo vyake isipokuwa mvua. Nilitambaa hadi mlangoni, nikachungulia chini. Mdogo wangu aliinua uso. Tulitazamana. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiona chuma kinamjia.

Alitanguliza mikono.

Binti wa kofia ya njano alitupita kwa upande, akaponea chupuchupu. Wanasema ndiye aliyeshinda.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu iliyosafishwa muda si mrefu, sakafu bado ina maji, na kila aliyepita alikuwa anatembea kwa kujihadhari. Daktari alitueleza kwa upole. Maisha hayako hatarini. Kiwiko cha kulia kimesagika, vifundo vyote viwili vya mikono vimevunjika, na vidole ni vya kusubiri. Atashika kijiko, akasema, hilo analiamini. Nikamuuliza kuhusu kusukuma. Akaniuliza kama mama yetu yupo.

Ndugu na majirani walikuja, wakasema ajali haina kinga. Nilitaka kuwafukuza wote. Kila aliyesema ajali haina kinga nilitamani kumsukumia kwenye ile sakafu yenye maji.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho kabisa, fulana ile ndogo imemganda mwilini. Nilipomfikia hakuinua kichwa.

“Uligonga mbili,” akasema.

Nilikaa kando yake.

“Niliongeza kama ulivyoniambia, ukagonga moja, ukagonga moja. Halafu ukagonga mbili. Nikasema huyu ana sababu yake, ameona kitu nisichokiona. Nikapunguza. Ukagonga mbili tena.” Alinyanyua macho, na sijawahi kuona macho yale kabla ya siku ile. “Niambie uligonga mbili. Mkono wako mimi naujua. Kama haukuwa mkono wako, mke wangu, basi mimi nimemvunja shemeji kwa kusikiliza mbao.”

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mkanda umekatika, ubao umelegea, na mkanda wenyewe uko barabarani kwa yeyote anayetaka kuuona. Lilikuwa jibu la kweli, na mimi na ukweli hatujawahi kuogopana. Lakini nilipotazama vidole vyake, vile alivyovibabua kwa maji ya moto akifinyanga glovu, sikuweza. Nikamwambia asubiri, nakwenda kumwona mgonjwa.

Kimondo alikuwa macho. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe na kulazwa juu ya mito, vidole tu vinachungulia, vimevimba, bado vinang'aa mafuta ya mama. Nilikaa. Nikamnyooshea shuka miguuni.

“Niliona taa nyekundu,” akasema hatimaye. “Kwenye lami. Nikadhani naota, nikasema shemeji hawezi kushika breki hapa. Shemeji anajua.” Alivitazama vidole vyake. “Kwa nini alipunguza, dada? Nilimwambia. Nilimwomba. Kwa nini shemeji alipunguza?”

Alilitamka lile neno shemeji kwa namna mpya. Lilikuwa baridi tayari. Nikahisi mtu nyuma yangu, nikajua bila kugeuka kwamba mume wangu amesimama mlangoni, na kwamba amebeba mfuko wenye glovu za Kimondo.

Nilifikiri haraka, na sitajidai kwamba nilifikiri vizuri. Nilifikiri nani atamnyanyua kitandani kila asubuhi, maana mimi mgongo wangu hauwezi. Nani atampeleka kwenye mazoezi ya kunyoosha vidole. Nani atamfinyangia kitu kingine cha kushikia, kama Mungu akipenda, na kumtania mpaka acheke. Shemeji akichukiwa hana tena mlango wa kuingilia. Dada akichukiwa bado ni dada, hana pa kwenda. Wanasema damu ni nzito kuliko maji, na mimi nikaamua kuuegemea huo uzito.

“Alipunguza kwa sababu mimi nilimwambia,” nikasema. “Niligonga mbili. Nilichanganyikiwa.”

Kimondo alinitazama. Kisha akageuzia uso wake ukutani. Nyuma yangu nilisikia mume wangu akitoa pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mtungi.

Nilisema hivyo hivyo kwa mratibu, na akalia, na akaniambia nisirudi mwaka ujao, na alikuwa na haki. Fundi wa saa alinifuata shuleni kwangu, kofia mkononi. “Mwalimu, ule mkanda mimi nimeuona,” akaanza. Nilimgeukia kwa sauti ambayo hata watoto uwanjani waliacha mpira. Nikamwambia akae na mkanda wake, na akiutaja tena popote atanitambua. Aliondoka akitikisa kichwa.

Mama sikumwambia kitu. Alikuwa mlangoni siku tulipomleta Kimondo nyumbani. Aliitazama mikono, akanitazama mimi, akanipisha nipite. Tangu siku hiyo tunasalimiana. Anampaka mafuta vidole kila asubuhi, na mimi nikiingia jikoni anafunga kopo.

Kimondo anaendelea. Kijiko anashika, daktari hakukosea. Na mimi haongei. Tukiwa mezani humwambia mume wangu, “Shemeji, mwambie mkeo chumvi imezidi,” nami nipo pale pale mkono unafika. Asubuhi hutoka wawili na gari la gesi kwenda hospitali, na kupitia dirishani nawasikia wanataniana. Juma lililopita nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Niliacha kufagia ili nisikilize.

Mume wangu amebadilika kidogo kidogo. Mwanzoni alikuwa ananitazama kwa shukrani, na nilidhani anajua, kwamba tumelibeba pamoja bila kulitaja. Haikuwa hivyo. Kadiri siku zilivyopita alizidi kuamini. Akaanza kuniuliza niliona nini mpaka nikagonga. Akaanza kunyamaza nikiingia chumbani. Siku moja alimwambia jirani, mlango ukiwa wazi, kwamba wanawake ni wepesi wa hofu, na nilimsikia.

Juzi tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza, mimi nafuta. Akasema bila kunitazama kwamba amewaza sana, ameomba sana, na ameona hakuna faida ya kulibeba moyoni. Amenisamehe.

Nilichukua sahani kutoka mkononi mwake, nikaifuta mbele, nikaifuta nyuma, nikaiweka juu ya nyingine.

“Asante,” nikamwambia.